Harufu Iwaitayo Mbu

Mgeni afikaye Stockholm wakati wa baridi, maji ya ziwa Mälaren yakiwa yameganda hata watu huyapita kwa miguu, ni vigumu asadiki kwamba kandokando ya ziwa hilo watu waliwahi kutetemeka kwa homa ya malaria. Walakini homa hiyo ilikuwapo Uswidi kwa karne nyingi, na mwaka 1735 Carl Linnaeus, mtaalamu mashuhuri wa nchi hiyo, aliandika tasnifu akidai kwamba asili yake ni udongo wa mfinyanzi uliomo katika maji ya kunywa. Mbu hakumshuku.

Ni katika mji huo huo, homa hiyo ikiwa imekwisha kutoweka na kusahauliwa, ndipo Noushin Emami na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stockholm walipotangaza, mwaka 2017, habari ambayo sisi wa nchi za joto yatupasa kuizingatia. Kimelea cha malaria, kiitwacho Plasmodium falciparum, hutoa ndani ya mwili wa mgonjwa kemikali iitwayo HMBPP, nayo huzichochea chembe nyekundu za damu kutoa kwa wingi hewa ya ukaa pamoja na harufu za namna ya aldehaidi na terpeni. Mbu wa Anopheles gambiae waliowekewa damu iliyotiwa kemikali hiyo waliiendea kwa pupa, wakainywa kupita kiasi, na vimelea vikastawi zaidi matumboni mwao.

Hayo ya maabara yalikuwa yamekwisha kudokezwa magharibi ya Kenya, ambako watafiti waliwalaza watoto watatu watatu, kila mmoja katika hema lake, hewa ya kila hema ikapitishwa kwa bomba hadi chumba cha mbu wasioweza kumfikia mtu. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2005, ni kwamba mtoto mwenye vimelea vilivyofikia hatua ya kumwambukiza mbu aliwavuta takriban maradufu ya wenzake. Naye alipokwisha kutibiwa, mvuto ule ukatoweka.

Na mtoto wa namna hiyo aghalabu hana homa: hucheza, hula, huenda chuoni, na usiku hulala pembeni mwa ndugu zake, ilhali pumzi na jasho lake vinamwita mbu atakayewauma wao siku za baadaye. Kwa hiyo naona chandarua kizima na dawa iliyomalizwa ni haki ya huyo asiyeonekana mgonjwa, sawasawa na yule anayetetemeka kitandani.