Fidia ya ndovu Taita Taveta: Kupitishwa kwa sheria si kutekelezwa

Wahenga walinena kwamba wapiganapo ndovu wawili, ziumiazo ni nyasi. Kwingineko methali hii husemwa kwa mafumbo tu. Huku Voi, Sagalla, Mwatate na Kasigau, ndovu ni ndovu kweli, na nyasi ni mahindi na pojo za mkulima aliyekesha akipiga debe gizani. Hata hivyo, wako ndovu wengine ambao mkulima huyo hawaoni. Hao hupigana mbali na shamba lake, katika wizara, Bungeni, Hazina Kuu na katika vikao vya wenye hoteli, wenye ranchi na watetezi wa wanyama. Matokeo ya vita vyao ndiyo tunayoyaita sera ya serikali.

Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba wananchi huchagua wabunge, wabunge hutunga sheria, na serikali huitekeleza. Maelezo hayo si ya uongo, lakini ni mifupa bila nyama. Anayetaka kuiona nyama yenyewe na aifuate sheria ya fidia kwa wanaodhuriwa na wanyamapori, tangu ilikotoka hadi ilikofika.

Mbuga ya Tsavo ilianzishwa mwaka wa 1948. Wakati huo, katika Baraza la Kutunga Sheria la koloni hapakuwa na Mwafrika hata mmoja aliyechaguliwa kwa kura. Uchaguzi wa kwanza wa namna hiyo ulifanyika mwaka wa 1957. Mipaka ya mbuga ilichorwa na maofisa, ilhali wenyeji waliolisha, kuwinda na kuchota maji katika nyika ile hawakuwa na wa kuwasemea kwa idhini yao. Leo takriban asilimia 62 ya eneo la Kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Ramani iliyochorwa ofisini imewatangulia wabunge wote waliokuja baadaye.

Baada ya uhuru, Bunge lilipitisha Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 1976. Sheria hiyo iliruhusu uwindaji kwa leseni, na ilitambua fidia kwa aliyeuawa au kujeruhiwa na mnyama, na kwa mali iliyoharibiwa. Haukupita muda mrefu. Mwaka wa 1977 uwindaji ulipigwa marufuku kwa tangazo la serikali, wala si kwa mswada mpya. Kisha mwaka wa 1989, sheria iliporekebishwa ili kuunda Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), fidia ya mazao na mali ikaondolewa. Ilibaki fidia ya uhai na majeraha pekee. Kwa miaka mingi uhai wa mtu ulifidiwa kwa shilingi 30,000, na baadaye 200,000. Mkulima aliyepoteza shamba zima kwa usiku mmoja hakudai chochote, kwani hapakuwa na cha kudai.

Mwaka wa 2004, marehemu G.G. Kariuki, aliyekuwa Mbunge wa Laikipia Magharibi, aliwasilisha mswada wa kurekebisha sheria hiyo, na miongoni mwa mambo yake mlikuwa na nyongeza ya fidia. Bunge likaupitisha. Lakini baadhi ya mashirika ya kutetea wanyama yaliingiwa na hofu kwamba mswada huo ungefungua upya mlango wa uwindaji, yakamsihi Rais asiutie sahihi. Rais Mwai Kibaki akakataa kuuidhinisha. Mwanafunzi azingatie hapa. Haja ya mkulima maskini ilikuwa imefungwa katika furushi moja na ugomvi wa wakubwa kuhusu uwindaji. Furushi lilipotupwa, haja yake nayo ikatupwa, ingawa hakuna aliyesimama hadharani kusema kwamba mkulima hastahili kulipwa.

Sheria mpya ilipatikana mwaka wa 2013, na ikaanza kutumika Januari 2014. Safari hii maslahi yalikutana badala ya kugongana. Ulimwengu ulikuwa ukilia juu ya ujangili wa pembe za ndovu, na watetezi wa wanyama walitaka adhabu kali. Wabunge wa maeneo yanayopakana na mbuga walitaka fidia. Kila upande ukapata chake. Jangili wa wanyama walio hatarini aliwekewa faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha. Familia ya aliyeuawa na mnyama ikaahidiwa shilingi milioni 5, aliyepata ulemavu wa kudumu milioni 3, na mwenye majeraha mengine hadi milioni 2. Fidia ya mazao na mifugo ikarudishwa kwa bei ya soko.

Laiti hadithi ingeishia hapo! Sheria iliandika kiasi cha fidia, lakini fedha zenyewe hutegemea kwa sehemu kubwa makadirio ya matumizi yanayopitishwa kila mwaka. Bunge lililoahidi kwa mkono mmoja halikutenga fedha za kutosha kwa mkono wa pili. Madai yakarundikana hadi yakafika mabilioni ya shilingi, na familia nyingi zikangoja kwa miaka.

Isitoshe, dai lina njia ndefu. Huwasilishwa kwanza kwa kamati ya kaunti, ambamo mna maofisa wa serikali na wawakilishi wa jamii. Kamati huthibitisha, kisha hupeleka mapendekezo yake juu kwa uamuzi na malipo. Aidha, sheria yasema kwamba mwenye mazao hatalipwa iwapo hakuchukua hatua za kadiri kuyalinda, au iwapo matumizi ya ardhi yake hayapatani na mpango wa usimamizi wa eneo. Je, hatua za kadiri ni zipi? Ua wa miiba? Moto na debe? Waya wa umeme ambao mkulima wa Sagalla hawezi kuununua? Bunge limeacha swali hilo, na atakayelijibu ni ofisa mwenye faili mkononi. Kwa hakika, ofisa huyo ndiye anayemalizia kutunga sheria.

Tusiwaonee maofisa, hata hivyo. Karani wa Hazina ana madai ya hospitali, shule na barabara mezani pake. Mhifadhi naye hulinda ndovu, na sensa ya mwaka wa 2017 ilihesabu zaidi ya 12,000 katika eneo la Tsavo. Ndovu hao huleta watalii, na watalii huleta fedha. Kila mmoja ana hoja yake. Tatizo ni kwamba wengine wana vyama, mawakili na ofisi jijini, ilhali wakulima wametawanyika, na kila mmoja hulia peke yake asubuhi anapolikuta shamba limekanyagwa. Taita Taveta ina wabunge watano, ukihesabu na mwakilishi wa kike, katika Bunge la Kitaifa lenye wabunge 349 mbali na Spika. Kwa hesabu hiyo, kelele za msimu wa kampeni hazitoshi.

Wapo waliokataa kungoja. Katika kijiji cha Mwakoma, Sagalla, wakulima wakishirikiana na watafiti wa shirika la Save the Elephants wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwa waya, maana ndovu humwogopa nyuki. Mkulima hupata ulinzi na asali. Ni jambo la kusifiwa, lakini halimwondolei mwenye deni deni lake. Nyuki hawawezi kumlipia mjane haki aliyoandikiwa na sheria.

Kwa walimu wa uraia na historia nina ombi. Mnapofundisha jinsi mswada unavyosomwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, msikomee kwenye sahihi ya Rais. Wafundisheni wanafunzi kuuliza maswali matatu zaidi: Nani aliyetunga fomu? Nani anayetenga fedha? Nani anayeamua maneno ambayo sheria haikuyafafanua? Wafundisheni pia kwamba Kifungu cha 119 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lililo katika mamlaka yake, na Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi yake.

Haki hizo hazina maana zikikaa kitabuni. Mwezi ambao bajeti inajadiliwa ndio mwezi wa mkulima kusema, akiwa na wenzake na akiwa na nakala za madai yao mkononi. Akingoja hadi mavuno, ndovu atakuwa amekwisha kula, na fedha zitakuwa zimekwisha kugawanywa.