Saladi Baridi ya Makaroni kwa Ladha ya Meksiko

Ndugu askari wa jeshi na polisi, zamu za kazi hazifuati saa za jiko. Atokaye lindoni usiku na arudiye kutoka doria alasiri wote huhitaji mlo kamili, na mara nyingi hukikuta chakula kimekwisha poa. Kwa hiyo leo tunaeleza chakula kinachopikwa makusudi ili kiliwe baridi.

Wenyeji wa Meksiko walilima mahindi, maharagwe, nyanya, pilipili na maparachichi tangu zamani, kabla Wahispania wa Hernán Cortés hawajauteka mji wa Tenochtitlan mwaka 1521. Ngano ililetwa na Wahispania. Siku hizi Wameksiko huyachanganya makaroni mafupi yaliyopinda, waitayo coditos, yaani viwiko vidogo, pamoja na malai, wakayala baridi. Sisi tumeacha malai, kwani huharibika upesi penye joto, tukachukua mafuta na ndimu pamoja na mazao hayo ya Meksiko.

Kwa watu 10 yatakiwa makaroni kilo 1, maharagwe makavu nusu kilo, mahindi mabichi 5, nyanya 8, vitunguu maji 2, pilipili hoho 2, maparachichi 3, ndimu 5, mafuta ya kula nusu kikombe, bizari nyembamba kijiko 1 cha chai, pilipili kali 1, kotmiri na chumvi.

Maharagwe yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha yachemshwe katika maji mapya. Yatokote kwa nguvu si chini ya dakika 10, ndipo moto upunguzwe mpaka yalainike. Maharagwe mekundu yasiyoiva yana sumu iletayo matapishi. Mahindi yachemshwe na kupukuchuliwa. Makaroni yapikwe katika maji mengi yenye chumvi mpaka yawe laini kidogo kuliko yale ya kuliwa moto, kwa sababu yakipoa hukaza. Yachujwe, yasuuzwe kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa. Maji ya ndimu, mafuta, bizari, chumvi na pilipili kali vikorogwe pamoja, vimiminwe juu ya makaroni, maharagwe, mahindi na mboga zilizokatwa. Maparachichi yakatwe wakati wa kula, yasije yakageuka meusi.

Sasa tuseme lililo kubwa. Chakula baridi hakirudi motoni. Uchafu ukiingia baada ya kupikwa, hubaki humo mpaka kinywani. Mpishi anawe mikono kwa sabuni, mboga zioshwe kwa maji salama, na kisu kilichokata nyama mbichi kisiziguse. Kati ya nyuzi 5 na 60 za sentigredi vijidudu vya maradhi huzaliana kwa haraka, wala ukali wa ndimu hautoshi kuvizuia. Saladi isikae nje zaidi ya saa 2. Ya zamu ijayo ifunikwe na kuwekwa mara moja katika friji. Pasipo friji, ipikwe ya kutosha zamu moja tu, na itakayobaki itupwe.

Sufuria moja ya mesi yaweza kulaza kikosi kizima, lindo likabaki tupu bila adui kufyatua risasi. Kwa sababu hiyo twamhesabu mpishi kuwa mlinzi wa kwanza wa kambi.