Upepo wa Bahari na Moshi wa Jikoni

Mwananchi wa Mbweni, katika Wilaya ya Kinondoni, hanunui hewa. Uvume kaskazi au uvume kusi, upepo wa Bahari ya Hindi humfikia mlangoni bila malipo. Lakini jioni, jiko la mkaa liwashwapo ndani ya chumba kisichopitisha hewa, mama na mtoto aliyembeba mgongoni huuacha upepo huo nje wakavuta moshi. Jambo hili twaliona dogo kwa kuwa tumelizoea. Sisi twasema kuwa mazoea haya ni ya hatari, na atakayefahamu jinsi mwili unavyopumua atakubaliana nasi.

Hewa huingia kwa njia ya pua, ambamo nywele na ute hunasa vumbi, nayo hupata joto na unyevu. Hushuka kooni, ikapita kwenye zoloto, chombo cha sauti, ambako kifuniko kidogo huiziba njia tumezapo ili chakula kisitupalie. Kisha huingia katika bomba la hewa, lenye matawi mawili, moja kwa kila pafu. Matawi hayo huzaa vitawi, kama ya mwembe, mpaka kwenye vifuko vya hewa visivyoonekana kwa macho. Vifuko hivyo ni mamia ya mamilioni. Vikitandazwa vyote vyaweza kufunika kiasi cha mita 70 za mraba.

Hapo ndipo penye soko la uhai. Damu ipitayo katika mishipa membamba kandokando ya vifuko hupokea oksijeni na kuachilia kaboni dayoksaidi, itolewe nje. Anayeiendesha kazi hii ni kiwambo, msuli ulio chini ya mapafu, kwa msaada wa misuli ya mbavu. Kikishuka, kifua hupanuka na hewa ikaingia. Kikipanda, hewa hutoka. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika.

Sasa tuutazame moshi. Njia za hewa zina vinyweleo visukumavyo makohozi na taka kwenda juu. Moshi huvidhoofisha, na chembe zake ndogo hupenya hadi vifukoni. Mkaa hutoa pia kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika damu na kuinyima oksijeni nafasi. Ndiyo iwauayo watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2020 moshi wa majumbani ulileta vifo milioni 3.2 duniani, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano.

Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ili ifikapo 2034 asilimia 80 ya wananchi watumie nishati hiyo. Twauunga mkono kwa moyo wote. Lakini hatuna budi kusema kweli: mama anunuaye mkaa wa kupikia siku moja hawezi kutoa kwa mara moja fedha ya mtungi mzima. Wahusika waeneze uuzaji wa gesi kwa kipimo kidogo, kila mtu anunue kwa kadiri ya mfuko wake.

Wakati huo twawasihi akina mama na akina baba: pikeni nje au fungueni madirisha; mtoto awekwe mbali na moshi; jiko lisilale chumbani. Na mtoto akikohoa, hesabuni pumzi zake akiwa ametulia. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50 kwa dakika, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, huenda ni nimonia. Apelekwe hospitali bila kukawia.

Tulipopata Uhuru mwaka 1961 tulikuwa tumetangaza vita juu ya ujinga, maradhi na umaskini. Katika jiko lenye moshi maadui hao watatu wangali wameketi pamoja. Tuwatoe.