Walijenga nyumba kabla ya kujua kulima

WENGI wetu tulifunzwa shuleni kwamba binadamu alianza kulima, ndipo akajenga nyumba na kutulia mahali pamoja. Ushahidi uliofukuliwa Mashariki ya Kati unapindua mpangilio huo.

Mnamo 1928, mwanaakiolojia Mwingereza Dorothy Garrod alifukua katika pango la Shukba, Palestina, mabaki ya jamii ambayo baadaye aliiita Wanatufi, kutokana na bonde la Natuf. Waliishi kati ya miaka 15,000 na 11,500 iliyopita. Hawakuwa na mashamba, wala mfugo isipokuwa mbwa. Hata hivyo, huko Ain Mallaha, karibu na ziwa Hula, walijenga nyumba za mviringo zenye misingi ya mawe na kuzika wafu wao papo hapo. Hata panya wa nyumbani walihamia kwao; na panya, kama ajuavyo kila mwenye ghala, hawafuatani na watu wanaohamahama.

Hali ya hewa ndiyo iliyowawezesha kutulia. Barafu ya kale ilipopungua, joto na mvua viliongezeka. Ngano na shayiri za mwituni zikastawi, na swara walikuwa tele.

Kisha, yapata miaka 12,900 iliyopita, baridi na ukame vilirejea kwa zaidi ya miaka elfu moja. Baadhi ya wataalamu hushikilia kuwa dhiki hiyo ndiyo iliyowalazimu kupanda mbegu. Hoja hiyo ina kasoro: baadhi ya Wanatufi walirudia kuhamahama, na kilimo kilishamiri baada tu ya joto kurudi, miaka 11,700 iliyopita.