Kwa nini treni haiwezi kulipisha gari kwenye makutano ya reli Dar

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

WAKATI wa foleni za jioni jijini Dar es Salaam, si jambo geni kuona gari limesimama juu ya reli likisubiri magari ya mbele yasogee. Baadhi ya madereva huamini kwamba treni ikitokea, itapunguza mwendo na kuwapisha. Imani hiyo imegharimu maisha ya watu.

Magurudumu ya treni ni ya chuma na hukanyaga chuma, hivyo msuguano wake ni mdogo mno kuliko wa tairi na lami. Treni nzito ya mizigo iliyo katika mwendo wa kilomita 90 kwa saa huweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja ili isimame. Hata katika mwendo wa pole wa mjini, dereva wake hana uwezo wa kukwepa. Hubaki na honi na breki tu.

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakati mji ukiwa mdogo. Jiji limekua likaizunguka reli hiyo, ambayo sasa hupita katikati ya maeneo yenye watu wengi kama Buguruni na Tabata. Usafiri wa treni za abiria ndani ya jiji ulipoanza Oktoba 2012, safari za treni katika maeneo hayo ziliongezeka.

Madhara ya kugongana ni makubwa. Novemba 29, 2023, zaidi ya watu 10 walifariki dunia baada ya basi kugongana na kichwa cha treni wilayani Manyoni, mkoani Singida.

Kinga ya makutano hayo ina ngazi tatu. Ya kwanza ni alama za barabarani, ambazo humwachia dereva uamuzi wote. Ya pili ni taa, kengele na mageti. Hizi husaidia sana, lakini mwendesha bodaboda anayepenya pembeni ya geti huifuta faida yake.

Ya tatu, iliyo bora kuliko zote, ni kutenganisha reli na barabara kwa madaraja. Ndivyo ilivyojengwa reli ya kisasa ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024. Njia yake imezungushiwa uzio, na sehemu ya katikati ya jiji inapita juu ya daraja refu.

Madaraja ni ghali na huchukua miaka. Hata hivyo, yapo yasiyohitaji fedha nyingi: kuondoa vibanda na vichaka vinavyoziba macho ya madereva, kupaka upya alama zilizofutika, na kuweka askari wa usalama barabarani saa za msongamano.

Kwa dereva, kanuni ni moja: asiingie kwenye reli kabla hajaona nafasi ya gari lake ng'ambo ya pili. Gari likizimika juu ya reli, abiria wote washuke mara moja na kukaa mbali, kwa kuwa gari hununuliwa jingine.