Maneno 12 na Karatasi

Mkazi wa Songea aliyeibiwa simu yenye M-Pesa anajua pa kwenda. Anafika dukani kwa mtandao wake, anataja namba ya NIDA, anaweka kidole, laini inarudishwa na salio analikuta. Mazoea hayo ndiyo yanayomponza akihamia kwenye bitcoin. Pochi ya sarafu za kidijitali anayoipakua kwenye simu haina dirisha la malalamiko, si Songea wala Dar es Salaam. Siku ya kuifungua, programu inampa maneno ya Kiingereza 12, pengine 24, yaliyochotwa kwenye orodha ya maneno 2,048. Anayeyajua kwa mpangilio wake ndiye mwenye pesa; hahitaji simu, laini wala namba ya siri.

Basi swali ni moja: maneno hayo yamekaa wapi? Wengi huyapiga picha, yakae pamoja na za harusi. Februari 2025 kampuni ya Kaspersky ilitangaza kirusi SparkCat, kilichojificha hata ndani ya programu za maduka rasmi ya Google na Apple. Kilikuwa kikisoma picha za mwenye simu kutafuta maneno ya aina hiyo. Programu za upande wa Google pekee zilishapakuliwa zaidi ya mara 242,000. Kwa hiyo anayesema “vijisenti vyangu nani atavihangaikia” amekosea hesabu, maana kirusi hakichagui tajiri. Na kirusi kando, kioo kikipasuka simu hulala kwa fundi, namba ya kuifungulia imebandikwa mgongoni.

Yaandike kwenye karatasi. Utaniambia mchwa, mvua, moto. Kweli, ndiyo maana ziwe nakala mbili, nyumba mbili. Mchwa wa Songea haibi, na mwizi wa ng'ambo haifikii karatasi iliyo sandukuni. Wengine huona heri kuziacha sarafu kwenye soko la mtandaoni. Kwa kiasi kidogo cha kuuza na kununua, sawa, lakini wateja wa soko la FTX walifungiwa milango Novemba 2022. Serikali nayo? Benki Kuu ilionya mwaka 2019 kwamba fedha halali ni shilingi. Sheria ya Fedha ya 2024 imeweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye mali za kidijitali, ila kutozwa kodi si kulindwa.

Matapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii” wamehamia huku pia. Anayekuomba maneno ya pochi yako, hata akijiita huduma kwa wateja, ni mwizi.