Idhini na Dhamana: Haki za Mgonjwa katika Fiqhi na katika Sheria za Nchi

Mgonjwa anavuka ziwa kutoka Nansio, Ukerewe, anashuka Mwanza mjini, kisha anapanda kilima cha Bugando na barua ya rufaa mkononi. Huko anapewa karatasi ya kukubali upasuaji, atie saini au dole gumba. Wengi hutia dole bila ya kuuliza neno, wakidhani kuwa kumuuliza daktari ni utovu wa adabu, na kwamba aliyekwishatia dole hana tena la kudai. Dhana zote mbili si sahihi.

Mas'ala haya si mageni kwa wanazuoni. Msingi wake ni Hadithi iliyomo katika Sunan ya Abu Dawud, inayombebesha dhamana mtu anayetibu watu hali hajulikani kwa utabibu. Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 620 Hijria, ameeleza katika al-Mughni kuwa tabibu huepukana na dhamana akiwa mjuzi wa kazi yake na mkono wake usipovuka mpaka. Ama anayemkata mtu uvimbe bila ya idhini yake, au kumtahiri mtoto bila ya idhini ya walii wake, akileta madhara hudhamini.

Historia nayo inashuhudia. Mwaka 319 Hijria (931 Miladia) mgonjwa alifariki Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamuru matabibu wapewe mtihani na Sinan bin Thabit kabla ya kuruhusiwa kutibu. Waliotahiniwa walizidi 800.

Sasa tutazame sheria za Tanzania.

Kwanza, idhini. Idhini ya kweli hutanguliwa na maelezo: ugonjwa ni upi, tiba ni ipi, na hatari zake ni zipi. Mgonjwa mwenye akili timamu anaweza kukataa, hata baada ya kutia saini. Na saini hiyo inaruhusu tiba aliyoelezwa; haihalalishi uzembe.

Pili, siri. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima, na majibu yake ni siri, ila katika hali chache zilizotajwa na sheria yenyewe.

Tatu, malalamiko. Anayemlalamikia daktari huanza kwa uongozi wa hospitali, kisha Baraza la Madaktari Tanganyika, lenye uwezo wa kumfutia usajili. Wauguzi na wakunga wana baraza lao, chini ya sheria ya mwaka 2010.

Nne, fidia. Madai ya madhara ya uzembe hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 3. Ikiwa mdaiwa ni Serikali, hutangulizwa notisi ya siku 90. Anayesubiri miaka mitano ndipo atafute wakili, amechelewa.

Kwa hiyo tunza kadi, vyeti vya vipimo na risiti. Andika tarehe na jina la aliyekuhudumia. Bila ya hivyo, ushahidi ni mgumu.

Tusisahau haki ya upande wa pili. Si kila kifo hospitalini ni kosa. Daktari mjuzi, aliyepewa idhini na asiyevuka mpaka, hana dhamana hata mgonjwa akifariki. Lakini mipaka hiyo haijulikani ila kwa kuuliza, basi tuulize kabla ya dole kugusa wino.

Wallahu a'alam.